Bundi wa Mzee Kalonda

Kapita Lubamba, msimamizi wa mashamba ya pamba, aliwaua bundi wawili waliolala darini kwa Mzee Kalonda. Kisha akasimama sokoni Kasongo, akatangaza kwamba mzee ni mchawi na wale ndio ndege wake. Mzee alikufa na jina hilo. Mwanawe Zéphirin, mwalimu wa biolojia, akaokota darini vitonge vikavu walivyotapika bundi wale, akavihifadhi.

Mavuno mawili baadaye, panya waliumaliza mpunga wa kapita. Siku ya soko Zéphirin alichukua vile vitonge, akawapeleka wanafunzi wake kwenye ghala la kapita, pale pale sokoni, kujifunza mizani ya viumbe.

"Pasueni vitonge."

Kila kimoja kilitoa mafuvu ya panya, matatu au manne.

"Basi ukimuua bundi?"

"Panya wanazaa, mwalimu! Wanakula mpunga!"

Wanawake wa soko wakaangua kicheko. "Kapita, na hawa panya, muchawi wao ni nani?"

Kapita akamsogelea Zéphirin. "Mwalimu, mutoto yangu, inatosha. Tutasemezana nyumbani."

"Baba Kapita, mzee wangu hukumuita muchawi nyumbani. Ulimuitia hapa. Sema hapa."

 "Mzee Kalonda hakukuwa muchawi," Kapita akanong'ona.

"Wanafunzi wa nyuma hawakusikia."

Kapita akarudia kwa sauti kubwa, na Zéphirin akawaamuru wanafunzi waliandike neno hilo katika daftari zao, pamoja na jina la aliyelisema.