Dereva wa River Road Aliyesema Haoni

Leseni ya Were imekwisha, na daktari ameandika kwamba haoni vizuri. Bila cheti cha macho, dereva wa lori wa umri wake hapewi leseni nyingine.

Saa mbili asubuhi, River Road. Lori la buluu la duka la vifaa vya ujenzi limepakiwa simenti na misumari ya kwenda Waithaka. Nyuma ya usukani yuko Dedan, kijana wa miaka ishirini na sita, ambaye hadi juzi alikuwa tanboi, msaidizi wa dereva. Were, aliyeliendesha lori hilo tangu likiwa jipya, ameketi upande wa tanboi.

"Leo ndiyo naona tanboi aliyekula chumvi kuliko gari," anasema mpakiaji mmoja. Wenzake wanacheka. Were naye anacheka kidogo, macho mbele.

Dedan anaingiza gia. Gia inalia.

"Pole pole. Hiyo ya pili haitaki nguvu, ibembeleze," Were anamwambia.

"Mzee, si ulisema huoni?"

"Masikio sikuyapeleka kwa daktari."

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi kwa wiki tatu za Machi mwaka huu wa 1991. Were ana miaka sitini au karibu na hapo; alizaliwa Kimilili mwaka wa nzige. Alianza kumwendeshea Mzee Chunilal, mwenye duka, na Chunilal alipofariki akabaki na mwanawe, Kamlesh. Mshahara wake ni shilingi 2,400 kwa mwezi na posho ya shilingi hamsini kila siku anayoendesha.

Faida nyingine ni mabati. Mfanyakazi wa duka huuziwa bati kwa shilingi 130, chini ya bei ya mteja. Kwa bei hiyo Were anaezeka nyumba yake ya uzeeni Kimilili, mabati machache kila mwezi. Akitoka dukani, bei hiyo inabaki dukani.

Kamlesh hakumficha. Alimwambia angoje hadi mwisho wa mwezi. Kama leseni haitapatikana, lori ni la Dedan.

"Dereva bila leseni mimi nitafanyia nini?" anasema Kamlesh. "Mimi napenda huyu mzee, lakini gari haiendi na mapenzi."

Daktari hakukosea. Aliandika alichoambiwa. Siku hiyo Kamlesh mwenyewe alimpeleka Were kwa gari lake, akaingia naye chumbani, akaketi kando ya mlango. Daktari alielekeza kijiti kwenye ubao wa herufi, akamwambia Were asome mstari wa juu.

Were aliziona herufi zote, hata za chini. Hakujua hata moja inaitwaje.

"Bosi yuko nyuma yangu," anakumbuka. "Nikajiuliza, niseme sijui kusoma, ama niseme sioni? Nikasema sioni. Kutoona ni ugonjwa, mtu anakuhurumia."

Dukani hakuwahi kumwambia mtu kwamba hajui kusoma. Leseni yake ya kwanza aliipata zamani, akijibu maswali kwa mdomo. Nambari anazijua, na alama za barabarani anazijua kwa sura. Lakini kila asubuhi, karatasi ya oda ilipotoka ofisini, alikuwa na neno lake moja: "Nisomee, mikono yangu ina grisi." Alikuwa akisomewa mara moja tu, anashika yote, na hakuna mteja aliyepelekewa simenti ya mwenzake.

Aliyefungua fundo hilo ni mkewe, Nakhumicha. Macho yake ndiyo mabovu. Nyumbani kwao Waithaka, Were ndiye humtilia uzi kwenye sindano anaposhona. Jioni moja alimpa sindano kama kawaida. Were akautia uzi kwa jaribio moja tu, bila hata kusogea dirishani.

"Kipofu wangu," Nakhumicha akasema, "huyo daktari alikuonyesha kitu gani?"

Were akamweleza. Kesho yake asubuhi Nakhumicha alivaa viatu vya kanisani, akaenda River Road, akasimama mbele ya kaunta.

"Bwana Kamlesh, mume wangu anaona. Ni kusoma hajui."

"Mama Wafula, hiyo mimi najua zamani," Kamlesh akajibu. "Mtu gani ana grisi mkononi Jumatatu asubuhi, na gari bado haijawashwa?"

"Basi mbona hukumwambia daktari?"

"Yeye mwenyewe alisema haoni. Mimi nibishane na mtu juu ya macho yake?"

Were alikuwa nyuma ya rafu za rangi, akisikia yote. Anasema alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Wapakiaji walisikia pia, na kwa siku mbili kila mtu pale alikuwa na grisi mikononi, hata mpika chai.

Kamlesh aliulizia, akaambiwa kuna kliniki ya macho yenye ubao wa wasiosoma. Huko Were alipokewa na muuguzi Mwanasha, mzaliwa wa Lamu. Ubao wake una umbo moja tu, kama uma wa meno matatu, limechorwa mara nyingi, kubwa hadi dogo, kila moja likitazama upande wake.

"Hapa hakuna kusoma, mzee wangu," Mwanasha alimwambia. "Nionyeshe tu meno yameelekea wapi."

Were alikaa vizuri kitini, akautoa mkono wa kulia kama anautoa dirishani mwa lori. Uma uliotazama kulia, alinyoosha mkono. Uliotazama kushoto, aliuzungusha. Wa juu, aliinua kiganja. Wa chini, alipunga mkono taratibu kuelekea sakafuni.

"Wanisalimu ama?" Mwanasha aliuliza.

"Nakata kushoto, mama. Huo ni wa kushoto."

Alikata kona hadi mstari wa mwisho, akikosa mara mbili tu kwa jicho la kushoto. Cheti kilitiwa sahihi siku hiyo hiyo. Ni cha mwaka mmoja, na mwakani atarudi kwenye ubao ule ule.

Sasa Were anapita Dagoretti Corner, leseni mpya mfukoni, gia ya pili ikiingia kimya. Dedan yuko kushoto kwake na karatasi ya oda.

"Nisomee," Were anamwambia. Hataji grisi.

Anataka kuendesha miaka miwili zaidi, amalize paa, arudi kwao. Masomo ya ngumbaru ameambiwa yapo, anasema atafikiria.

Gharama ameipiga kichwani. Daktari wa kwanza, shilingi mia mbili. Kliniki, sitini. Leseni, 130. Posho ya siku alizokaa upande wa tanboi, 650. Jumla ni shilingi 1,040, yaani mabati manane. Ndiyo yaliyokuwa ya jikoni. Jiko la Nakhumicha huko Kimilili litabaki la nyasi mwaka mwingine mmoja.