Masikio ya Kapambwe

Wanaosema Kapambwe alizaliwa kiziwi ni waongo wakubwa, na ningewajua ningewafuata hukohuko makwao. Nimemlea mimi. Marehemu dada yangu aliniachia akiwa bado anatambaa, na mtoto yule alikuwa anasikia sufuria ikifunuliwa nyumba ya tatu. Mama yake alikuwa mwimbaji wa misiba, akiitwa kila penye matanga hapa Kitwe, mji wetu wa migodi Zambia. Mwanawe akazichukua nyimbo zile za kilio, akazitia kwenye gitaa la umeme.

Muziki wa bendi yake ulikuwa mzito, jamani! Walijiita Wana wa Shimo, maana wote walikuwa wachimbaji wa shaba. Wimbo mmoja ungeweza kula nusu saa: unaanza taratibu, kilio kitupu, halafu unapanda, unageuka, unakimbia, unarudi tena kilioni, na gitaa la Kapambwe linakwaruza mpaka mabati ya baa yangu yanatikisika. Mazoezi walifanyia uani kwangu, na suruali zao za bugaluu na viatu vyao virefu vya raizoni, nywele zimesimama. Mchungaji alikuja kulalamika. Nilimwambia aombe mvua, labda itawanyamazisha.

Mpiga drams alikuwa Zakeyo Jere, Mngoni. Sisi Wabemba na Wangoni ni watani. Tunatukanana tangu babu zetu walipoacha kupigana, na anayekasirika ndiye mjinga. Wao hutuita wala nyani, nasi huwaita wala panya. Wawili wale sikuwahi kuwasikia wakisalimiana kistaarabu hata siku moja.

"We mla nyani," Zakeyo anaanza, "leo mkia umeuacha wapi?"

"Kwenu. Mama yako anafagilia jiko. Panya wameiva?"

Halafu wanakaa kula ugali na dagaa wa kapenta sahani moja, wanagombania tonge la mwisho. Zakeyo alikuwa anamwachia, ila kwa matusi.

Mimi ndiye niliyegundua kwanza. Nilimwita Kapambwe kutoka jikoni, kimya. Nikaita tena, kimya. Nikamchapa mgongoni na mwiko, ndipo akageuka na kutabasamu. Mchana baruti shimoni, jioni maspika yale makubwa kama makabati. Masikio gani yatahimili? Nikaanza kumwangalia. Akipiga gitaa alikuwa anavua kiatu kimoja na kuukanyaga ubao uliobeba drams, apate mapigo kwa unyayo.

"Hee, mla nyani," Zakeyo akamwambia, "hizo raizoni umenunua za kubeba mkononi?"

Watu wakacheka. Kapambwe naye akacheka, kwa kuwa aliwaona wenzake wanacheka. Moyo wangu ukaniuma.

Kama ingekuwa gitaa tu, ningenyamaza. Lakini shimoni, baruti ikishalipuka, mtu mmoja hutangulia na mtaimbo, anaugonga mwamba wa juu na kusikiliza. Mwamba mzima unalia vizuri, wazi. Uliopasuka unatoa sauti ya debe bovu, na huo utashuka. Wenzake wote wanasubiri nyuma mpaka aseme. Basi mgongaji wa kikosi chao alikuwa Kapambwe. Walimchagua wenyewe, eti mwanamuziki ana masikio makali. Nani angemshuku mpiga gitaa?

Nikamkamata mashavu kwa mikono miwili, nikampigia kelele usoni. "Nenda kwa msimamizi ukamwambie husikii! Leo hii!"

"Mama, punguza sauti."

"Kumbe unasikia!"

"Nakuona mdomo." Akanishika mkono. "Mwezi ujao tunakwenda Nairobi kurekodi sahani ya santuri. Nikisema leo, kesho niko huku juu nafagia yadi, na wenzangu wanatafuta mpiga gitaa mwingine. Tukirudi nitasema, mama. Haki ya Mungu."

"Na mwamba utakungoja urudi Nairobi?"

"Mtaimbo unatetema. Nausikia mkononi."

"Mkono una masikio, mpumbavu wewe?"

Nilimtukana siku ile matusi yasiyo na utani ndani yake. Akanibusu kipaji cha uso, akabeba taa yake ya kazini, akaenda.

Yaliyotokea wiki ile nilisimuliwa na Chanda, mpiga besi, aliyekuwa amesimama nyuma yao. Kapambwe aligonga, akasogea, akagonga tena. Chanda hakusikia vizuri kwa mngurumo wa mashine ya upepo, na wala hakujishughulisha. Hiyo haikuwa kazi yake. Kapambwe akainua dole gumba. "Safi! Ingia, mla panya!" Zakeyo akaingia na mashine yake ya kutoboa. Mwamba ukashuka wote juu yake.

Jeneza halikufunguliwa. Mama yake Zakeyo alikaa chini kwenye mkeka, hali, hanywi, hasemi, macho makavu. Watu wakaanza kumwogopa. Wakasema, aitwe mtani, maana kwetu mtani ndiye mwenye ruhusa ya kumkejeli marehemu kaburini, wafiwa wacheke kidogo, kilio kipate njia. Na mtani mkubwa wa Zakeyo alikuwa nani, kama si Kapambwe?

Makaburini wakamsukuma mbele. Akapanda juu ya udongo uliochimbwa, koleo mkononi.

"Mimi ndiye niliyemuua!" akapaza sauti. Alikuwa hajui tena kuipima. "Mimi ni kiziwi! Niligonga mwamba, sikusikia kitu, nikamwambia ingia!"

Halafu mjomba mmoja wa Kingoni akaangua kicheko, na makaburi yote yakalipuka. "Mpiga gitaa kiziwi! Ee, Wabemba!" Mama yake Zakeyo akainua kichwa. Akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, yale machozi yaliyokuwa yamemkwama. "Mla nyani we! Masikio nayo umeyala?"

"Nasema kweli!" Kapambwe akalia. "Niliogopa kufukuzwa! Nimemuua!"

Wakacheka zaidi. Mama yule akainuka, akaenda kumkumbatia, akamfuta uso kwa kitenge chake. Kapambwe aliganda mikononi mwake, akiangalia midomo inayofunguka na kufungwa, moja baada ya nyingine, hata akanifikia mimi.

"Mama!" akanipigia kelele juu ya bega la mama yule. "Wanasemaje? Wamenisamehe?"

Nilimjibu kwamba wanacheka tu, hakuna aliyeamini. Lakini nilikuwa nimejifunika uso kwa mikono, na mdomo wangu hakuuona.