Nilimwita mkwe wangu mwizi wa mafuta

Admin, jina langu lifiche vizuri, Tabora yetu ni ndogo na wapo watakaonitambua kwa hasira zangu tu.

Nina miaka 51, mjane, nauza asali hapa mtaani Ng'ambo. Nina kigari cha kubebea ndoo kutoka Sikonge, na dereva alikuwa mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee. Gia boksi ya oto ilikufa, fundi akanifungia ya manyuo, ya kubadili gia kwa mkono, iliyotoka kwenye gari jingine. Kuanzia hapo mafuta yakawa hayakai. Nikisoma kilomita kwenye dashibodi naona safari fupi, tangi kavu. Fundi akabadilisha plagi, akasafisha chujio la hewa, wapi! Mwisho akaniambia, "Mama, injini nzima hii. Muulize dereva wako."

Nikamuuliza, tena mbele ya wateja. "Unafyonza mafuta yangu ukauze, si ndiyo?"

Akainamisha kichwa. "Hapana, mama." Hakuongeza neno. Kwetu Wanyamwezi mkwe habishani na mama mkwe, nalijua hilo tangu utoto, lakini siku ile ukimya wake nikauchukua kuwa amekiri. Nikamwita mwizi. Akaweka funguo juu ya ndoo, akamchukua mkewe, wakarudi kwao Igunga.

Nikaajiri dereva mwingine. Mafuta yakawa yaleyale! Nikaenda kwa fundi mmoja mzee wa mtaa wa Mtendeni. Hata boneti hakufungua. Tukashika barabara ya Nzega, tunahesabu vibao vya kilomita. Vibao kumi, dashibodi inasema saba.

"Gia boksi hii haiendani na geji yako ya kilomita," akasema. "Gari halijazidisha mafuta, mama. Kilomita ndizo zinapunjwa."

Nililia palepale barabarani.

Nikampigia binti yangu. Akanijibu kwa ukali, "Njoo umwombe radhi mbele ya wateja walewale." Mkwe akachukua simu. "Shikamoo mama. Mimi nimeshasamehe. Usije kuniangukia, utaniongezea aibu. Ila Tabora sirudi."

Ndugu zangu, roho inaniuma, na ubaya wangu haujaisha. Wateja bado wananifariji, "Pole mama, vijana wa siku hizi wezi." Na mimi, mtu mzima, mpaka jana nimeitikia, "Asante." Nyie mlio na wakwe, niambieni, nianzie wapi?