Bibi Alipozika Nguo Yangu ya Shule

Nilipokuwa mtoto wa kutosha kuchunga mbuzi lakini sijatosha kubeba mtungi uliojaa, nchi ilikuwa ya Mdachi. Sisi wa upande wa Mvumi hatukumwona sana. Tulimjua kwa akida wake, aliyepita na askari, na akishapita watu walipumua na kurudi kwenye kazi zao. Shule yetu ilikuwa ya misheni, tembe moja refu lenye paa la udongo, na aliyefundisha ni Mwalimu Danieli, Mgogo mwenzetu aliyekwenda kusoma mbali akarudi amevaa viatu. Mzungu wa misheni, ambaye sote tulimwita Bwana, alikuwa na vijiji vingi vya kuzungukia, kwa hiyo kwetu alifika mara moja moja tu.

Niliipenda shule ile mno. Nilikuwa nimeshavuka kuimba herufi nikaanza kusoma maneno mazima, na nilijiona mtu mkubwa. Baba alikuwa amenikubalia shingo upande. Msichana kukaa ndani akitazama ukuta ulioandikwa chokaa hakukumwingia akilini, ila mama alimsihi, naye akatoa hukumu yake: "Shule ikiwapo, asome. Siku isipokuwapo, mbuzi wapo." Basi kila asubuhi nilitoka nikiangalia kama lile tembe bado limesimama.

Kikwazo kilikuja kwa njia ya nguo. Bwana alitaka kila mwanafunzi avae gauni au shati la merikani, ile nguo nyeupe ya madukani, na aliyefika na vazi lake la ngozi la nyumbani alirudishwa. Kwake yeye weupe ulikuwa ndio usafi wenyewe. Nilipoileta yangu nyumbani nikiwa nimeikunja kifuani, bibi, mama yake baba, aliishika kwa vidole viwili kama anashika mjusi.

"Nguo hii itatuletea maneno," alisema.

"Ni ya shule, bibi."

"Nimesikia. Mvua haijasikia."

Msomaji ambaye si wa kwetu huenda akacheka, kwa hiyo nieleze. Kwetu mvua ina rangi yake, nayo ni nyeusi. Wingu linaloleta mvua ni jeusi, ng'ombe anayetolewa kuiombea ni mweusi, na akina mama wanaokwenda kwa mtemi kuililia hujifunga kaniki. Nyeupe ni rangi ya jua kali na ya wingu tupu linalopita bila salamu. Mtu akitembea na nguo nyeupe wakati wenzake wanaomba mvua, anaifukuza. Hilo nililijua kabla sijajua kuhesabu, na sikuliona kuwa linagombana na shule. Mtoto anaweza kubeba mambo mengi kichwani bila kuyagonganisha.

Mwaka ule mvua ilichelewa. Tulipanda uwele kwenye vumbi, tukangoja, ndege wakaja wakafukua mbegu. Ng'ombe walianza kuonyesha mbavu. Kila mtu alikuwa akitazama juu, na watu walipochoka kutazama juu, wakatazama chini, wakatuona sisi: watoto wa shule, tumepangwa mstari kwenye uwanja mweupe wa vumbi, tumevaa nguo nyeupe, tunaimba.

Haikuchukua muda mjumbe wa mtemi akapita kaya kwa kaya. Mpaka mvua inyeshe, alisema, asionekane mtu nje na nguo nyeupe, awe mkubwa au mdogo. Hakupaza sauti wala kumtisha mtu. Kesho yake shule ilikuwa karibu tupu.

Mwalimu Danieli alikuja kwetu jioni, jua halijazama. Alimwamkia baba, "Mbukwa," naye akaitikia vizuri, maana hawakuwa na ugomvi. Akapewa kigoda.

"Baba, sina ruhusa ya kubadili sheria ya nguo," alisema Mwalimu. "Na Bwana yuko njiani. Akikuta shule haina watoto ataifunga, nami atanipeleka kwingine."

"Nami, mwanangu, sina ruhusa ya kufukuza mvua ya watu," alijibu baba.

Wakainamisha vichwa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nasikia, na kilichoniuma ni kwamba wote wawili walikuwa na haki. Angekuwepo mwovu mmoja ningemchukia, nikapata nafuu. Hakuwepo. Nililala nikiwaona mbuzi tu.

Asubuhi gauni langu halikuwapo pale nilipolichomeka. Nilimkuta bibi nje, mbele ya chungu kikubwa, anachemsha magome ya mgunga. Maji yalikuwa mekundu ya kahawia, na ndani yake, likizamishwa kwa kijiti, lilikuwamo gauni langu. Nilipiga yowe. Bibi hakugeuka hata shingo. Lilipokwisha kunywa rangi, alilitoa, akalitia kwenye kibuyu kilichokatwa, akachukua mti wa kuchimbia akaelekea bwawani.

Bwawa lilikuwa limekauka, limepasukapasuka, lakini katikati, chini ya gome la juu, bado kulikuwa na tope jeusi linalonata. Bibi alichimba mpaka akalifikia. Akalilaza gauni langu humo, akalifukia, halafu akapanda juu akaanza kulikanyaga kwa miguu yake miwili mikavu, taratibu, anahema.

"Bibi, umeniua!" nililia.

"Aliyekufa hapigi kelele hivyo," alisema. "Njoo unisaidie kukanyaga."

Sikumsaidia. Nilikaa ukingoni nikilia mpaka kwikwi ikanishika. Ndivyo wanawake wa rika lake walivyozitia ngozi zao za kuvaa weusi walipokuwa wasichana, kabla ya kaniki za madukani. Lakini mimi nilichokiona ni nguo ya Bwana inazikwa, na shule yangu pamoja nayo. Nani angenipokea na gauni la tope? Nilimwona bibi ni mtu katili, nikamwambia hivyo, naye akaitikia, "Haya," akaendelea kukanyaga.

Kesho yake tulilifukua. Lilikuwa jeusi tii. Bibi alilisuuza kwa maji kidogo sana, huku mama akinung'unika kwamba hata hayo kidogo ni ya kupikia, akalianika, akanivika likiwa bado na unyevu na harufu ya bwawa.

"Sasa nenda," alisema.

Njiani nilipita mbele ya kaya ya mzee mmoja mkali, rafiki wa mjumbe wa mtemi, aliyekuwa amekaa mlangoni pake anachonga mpini. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Halafu akarudi kwenye mpini wake. Hapo ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza kile bibi alichokuwa akifanya bwawani, nikapunguza mwendo, maana nilikuwa nimebakiwa na mtu mmoja tu wa kunikataa, naye ni mwalimu wangu.

Mwalimu Danieli alikuwa amekaa na watoto wachache wa watumishi wa misheni. Nilisimama mlangoni. Alinijia, akashika pindo la gauni.

"Hii ni merikani?"

"Ni merikani, Mwalimu."

"Ni safi?"

"Bibi ameisuuza."

Aligeukia ukuta. Nilimwona mabega yakitikisika, nikadhani analia, na mimi nikaanza tena. Kumbe alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyekuwa hajacheka kwa siku nyingi. "Ingia ukae," alisema, akifuta macho.

Habari zilienea kwa kasi ya moto wa kiangazi. Akina mama walimjia bibi na merikani za watoto wao, wengine wakiwa hawasemi naye tangu ugomvi wa zamani wa mipaka ya shamba, na wote wakakanyaga pamoja. Bwawa lile kavu lilikuwa na kelele kuliko gulio. Shule ikajaa tena, watoto weusi kuanzia shingoni hadi magotini, nayo ikanuka tope mpaka Mwalimu akawa anafundishia karibu na mlango.

Ndipo Bwana alipofika. Tulipangwa uwanjani kumpokea, tukaimba. Alishuka kwenye punda wake, suti nyeupe, kofia nyeupe, akatutazama, na uso ukamwanguka. Alivua kofia polepole akaishika kifuani.

"Nani amefariki?" aliuliza, kwa Kiswahili chake cha kukatakata.

"Hakuna, Bwana," alisema Mwalimu. "Wote wazima."

"Mbona watoto wamevaa matanga?"

Tulitazamana. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba kwao weusi ni wa msiba. Mwalimu Danieli alipiga hatua mbele. "Tunangoja mvua, Bwana. Watu wasingewaruhusu watoto kutoka na nyeupe. Ilinibidi nichague nguo au watoto. Nikachagua watoto."

Bwana alitutazama mmoja mmoja, halafu akatazama tembe, na mimi niliyasoma macho yake kama mtu anayengoja kuambiwa arudi kwa mbuzi wake. Mwishowe akaingia ndani, akachukua kitabu, akanyoosha kidole kwangu.

"Wewe. Soma."

Nilisimama. Nilisoma mstari, nikasoma wa pili, nikafika katikati ya ukurasa bila kujikwaa, na nilipoinua macho kupumua nilisikia harufu ya udongo uliolowa. Kisha paa likaanza kugongwa. Hakuna aliyengoja ruhusa. Tulimwagika nje, Mwalimu naye na viatu vyake, na Bwana akatufuata bila kofia. Mvua ilikuwa nzito. Wadogo walimrukia, wakamkumbatia miguu kwa furaha, na lile tope ambalo maji machache ya akina mama hayakulitoa likaanza kuchuruzika kutoka kwenye nguo zetu, likaipaka ile suti nyeupe madoa makubwa meusi.

Bibi alifika anakimbia, kama kule kulikuwa ni kukimbia. Alisimama mbele ya Bwana akamkagua.

"Sasa huyu naye amevaa," alisema.

"Anasemaje?" Bwana aliuliza.

"Anakukaribisha, Bwana," alisema Mwalimu Danieli.

Bwana alicheka. Hakuwahi kusema amekubali, lakini alipoondoka aliagiza nguo za wanafunzi ziwe safi, na rangi hakuitaja tena. Shule haikufungwa. Baba aliendelea kuwapa watoto wa jirani mbuzi wake wawachunge, huku analalamika.

Nimefundisha maisha yangu yote ya utu uzima, na walimu vijana nikiwasimulia haya huniuliza: je, ni ule weusi ulioleta mvua? Huwa nacheka tu. Mawingu yalikuwa yamekusanyika siku kadhaa upande wa Kilimatinde; lakini bibi angewasikia walimu hao wakiuliza, angewafukuza uani kwake. Mimi hukumbuka jambo jingine. Bibi aliamini kwa moyo wote kwamba nguo yangu inafukuza mvua. Angeweza kuitia motoni, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alikwenda kuchimba kwenye bwawa kavu ili mjukuu wake asikose shule na kijiji kisikose mvua. Nilimwita katili, na nampenda mpaka leo kwa lile "haya" lake.

Kila mwaka ngoja-ngoja ya mvua ilipoanza, alinivua nguo yangu ya shule, imeshapauka kwa kufuliwa, kabla sijaambiwa na mtu, akaenda nayo bwawani. Ukafika mwaka ambao miguu yake ilikataa. Nilichimba mwenyewe, nikaizika, nikapanda juu nikaikanyaga, naye amekaa pale ukingoni nilipolia zamani, ananiambia nikanyage vizuri, mbona nabembeleza. Asubuhi yake nilikwenda shule.