Springi za Gari la Sabra

Sabra wa Mtunda hakusomea ufundi. Kwa miaka minane alimshikia mumewe, Yassin, spana na tochi kila alipotengeneza gari lao uani, naye akawa anatazama. Walikuwa wamelinunua wote wawili, gari dogo la kubebea kaa wa baharini kutoka Nyamisati hadi Kibiti. Yassin alipofariki, Sabra akashika usukani mwenyewe, na hapo ndipo shemeji yake Husseini alipoanza kumchukia waziwazi.

Husseini alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, na gari alilitaka yeye. Siku ya arubaini alichukua kadi ya gari, kisha akawa anapita vijiweni akisema kwamba mjane anayeshinda barabarani hana heshima. Habari hizo zilimfikia Sabra. Aliacha kumsalimia, basi.

Mvua zikaharibu njia, springi ya mbele kulia ikakatika. Sabra alinunua mbili, maana hubadilishwa pande zote, akaazima vibanio vya kuiminya springi isifyatuke kwa fundi mmoja Kibiti. Jumamosi asubuhi akapiga jeki, akaliegemeza gari juu ya magogo. Upande wa kulia ulimtesa mpaka saa nne. Alikuwa ndio kwanza ameitoa shokapu ya kushoto, springi ikiwa bado imejibana juu yake, Husseini alipoingia uani na dereva aitwaye Mudy.

Alisema amekuja kuchukua mali ya mdogo wake kabla haijawa chuma chakavu. Sabra akamwambia gari haliondoki. Husseini akacheka, akachutama, akaokota spana. Alisema atamwonyesha kazi ya wanaume inavyofanywa. Akaishika kwa spana nati ya juu ya shokapu, akaanza kuifungua huku ameiinamia.

Vibanio vilikuwa bado juu ya gunia. Sabra alijua kwamba nati ile ikitoka, springi itafyatuka na kumpasua uso. Alimtazama akiizungusha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baadaye alimwambia dada yake Nasma ukweli: alinyamaza kwa makusudi, na kwa kitambo kile alitaka itokee.

"Acha hiyo," akasema mwishowe. "Itakuua."

"Unanitisha mimi?"

Akaendelea kufungua. Sabra akaikanyaga spana pamoja na vidole vilivyoishika, akakandamiza kwa uzito wake wote. Husseini aliinuka akitukana, mkono wake mwingine juu, tayari kumpiga. Mudy akaudaka.

"Mzee, angenyamaza tungekuzika leo," alimwambia.

Husseini aliondoka bila kumtazama yeyote. Mudy akajitolea kusaidia, lakini Sabra akamwambia amfuate aliyemleta. Alikaza nati, akafunga vibanio huku na huku, akaviminya kidogo kidogo kwa zamu mpaka springi ikalegea mahali pake. Ndipo alipoitoa. Alasiri ilipoadhiniwa magurudumu yalikuwa yamefungwa.

Wazee wa ukoo walimlazimisha Husseini arudishe kadi. Aliirudisha kwa kuitupa mlangoni. Mpaka leo anamweleza kila mtu kwamba Sabra alimvunja kidole. Ni kweli alimvunja, na hajamwomba radhi.