Wamelifuta dole la baba

Jamani, leo nimelia maktabani mbele za watu.

Ile barua ya marehemu baba, aliyompelekea mama enzi za Mwingereza akiwa Tanga anakata mkonge, mnaikumbuka? Baba hakujua kuandika. Aliandikiwa na karani wa kambi, yeye akaweka dole gumba chini.

Tuliwapa wenyewe maktaba ya hapa Same waitunze, maana nyumbani panya wangeimaliza.

Sasa mama kule Msangeni macho yanakwisha. Kaniambia, "Niletee nimwone baba yako kabla sijaacha kuona kabisa."

Nimekwenda. Barua yenyewe haitoki, haya, sawa. Binti wa pale, mpole, shikamoo nyingi, akanitolea kopi.

Safi! Nyeupe! Chini hakuna kitu.

"Dole liko wapi, mwanangu?"

"Lile doa la wino, mama? Nililifuta kwenye kompyuta ili maneno yasomeke vizuri."

Hapo ndipo nikaangua kilio.

Nikamwambia, "Maneno ni ya karani, na mama anayo yote kichwani. Baba yangu ndiye hilo doa."

Maskini. Akakimbilia mashine atoe nyingine, umeme ukakatika. Mnajua wenyewe.

Nimekaa kwenye benchi mpaka wakafunga. Eti nirudi Jumatatu!

Na mama kapiga simu sasa hivi: "Umempata?"

Nimesema ndiyo mama, nakuja naye.

Niambieni ukweli, nimekosea?