Folda Kumi na Moja Zilizokataa Kuondoka

"Siku kompyuta ikinishinda zaidi ya dakika tano, nivalishwe sweta la darasa la kwanza nitembee nalo barabarani!"

Msichana huyu aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, siku shangazi yake alipofungua duka la mbele la karakana. Wateja walikuwepo, mafundi walikuwepo, na binamu yake alikuwepo na simu mkononi, anarekodi. Watu walipiga makofi. Tangu siku hiyo jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho tu. Kila mtu akamwita Dakika Tano.

Na kusema kweli, kwa miaka mitatu hakudaiwa sweta. Karakana ile inadarizi nembo kwenye masweta ya shule. Yeye ndiye anayechora nembo kwenye kompyuta, tai, kitabu, jua linalochomoza upande usiojulikana, kisha mchoro unakwenda chumba cha mashine, ambako Mzee Uzi anaubonyeza na sindano kumi na mbili zinaanza kupiga kelele. Jina la Mzee Uzi halikutokana na kazi, lilitokana na umbo. Akisimama ubavu, unamtafuta.

Michoro haibebwi mkononi. Kuna programu inayofanya kompyuta zote tatu ziwe na mafaili yaleyale: ya Shangazi ofisini, ya Dakika Tano kwenye meza ya michoro, na ya Mzee Uzi. Ukiweka kitu hapa, kinatokea kule. Ukifuta hapa, kule nako kinafutika. Wenyewe wanaiita Kasuku, kwa sababu kazi yake ni kurudia.

Basi wiki moja kabla ya mambo haya, Mzee Uzi alibonyeza nembo ya zamani. Shule ilikuwa imebadili tai ikaweka mwenge, lakini folda ya tai ilikuwa bado ipo, imekaa juu ya ile ya mwenge, inamkodolea macho. Masweta sitini yakatoka na tai. Mwalimu mkuu alipoyaona aliyarudisha mezani moja moja, yote sitini, na Shangazi alisema afadhali angetukanwa.

Jumatatu asubuhi Shangazi akatoa amri. Nembo zote zilizokufa zifutwe. Akakaa mwenyewe mezani kwake, akachagua folda kumi na moja za shule zilizobadili nembo, akafuta. Akavuka ua mpaka chumba cha mashine kuhakikisha. Folda kumi na moja zilikuwa palepale, na Kasuku ameandika mistari kumi na moja myekundu: *Folda imeshindwa kufutwa. Si tupu.*

"Dakika Tano!" Sauti ile iliwafikia hadi majirani wasio na kompyuta.

Akaja mbio, kikombe cha chai mkononi. Shangazi alikuwa amesimama katikati ya mashine, mikono kiunoni.

"Sikiliza, mwanangu. Chumba kipya kinafunguliwa Jumatano, mashine mbili, mafundi wanne. Nilitaka wewe uwe mkuu wa chumba. Lakini sitafungua chumba cha pili kama siwezi kukiamini cha kwanza. Saa tano mwalimu mkuu analeta masweta mia mbili. Kabla hajafika, nataka nifute kitu pale mezani kwangu na huku kifutike, bila mtu kutembea. Usipoweza, chumba nampa binamu yako."

Binamu mwenyewe alikuwa ameshaegemea mlango. Huyu wanamwita Cheti. Ana vyeti vinne vya kompyuta, vyote kwenye fremu, na hakuna aliyewahi kumwona akitengeneza chochote zaidi ya fremu hizo.

"Saa nne na dakika tatu," Cheti akasema, akiinua simu. "Nimeanza kuhesabu."

"Hesabu tu, binamu. Ni hesabu pekee uliyofaulu."

Dakika Tano akavuta kiti mbele ya kompyuta ya Mzee Uzi. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, lakini mbio tamu, zile za mtu anayejua atashinda ila hajajua wapi. Akafungua folda ya kwanza, ile ya tai. Ndani hamna kitu. Tupu kama jokofu la kapera. Akafungua ya pili, tupu. Ya tatu, tupu. Kasuku anasema zimejaa, macho yanasema hakuna kitu.

"Labda ile programu ya kudarizi imezishika," akasema. "Mzee wangu, zima kidogo."

Mzee Uzi akaifunga programu yake. Dakika Tano akamwambia Kasuku ajaribu tena. Mistari ikapotea! Akainuka nusu kwenye kiti, mkono juu. Mistari ikarudi, kumi na moja, myekundu zaidi kuliko mwanzo, au ndivyo alivyoiona yeye.

"Dakika tano zimekwisha," Cheti akatangaza kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. "Naomba vipimo vya kifua, tumwandalie sweta."

"We ngoja."

"Zima kompyuta uwashe," Cheti akasema.

Dakika Tano akazima, akawasha. Kumi na moja. Akaangalia kama kompyuta inakatazwa kufuta kwenye diski ile. Haikukatazwa, alitengeneza faili la majaribio, akalifuta, likaenda bila ubishi.

"Kwani si ufute kwa mkono hapa hapa?" Cheti akauliza. "Bonyeza, futa, kwisha. Tukanywe chai."

"Leo nifute hapa kwa mkono. Kesho kutwa kuna kompyuta mbili zaidi chumba cha pili, nako nikafute kwa mkono? Shangazi kataka afute pale mezani. Hukusikia au cheti cha masikio hukupata?"

"Basi mng'oe Kasuku wote, umweke upya."

Shangazi akageuza shingo. "Hiyo inawezekana?"

"Inawezekana, Shangazi," Cheti akasema haraka, akisogea, macho kwenye kipanya. "Nusu saa tu."

"Na akikosea upande wa kunakili," Dakika Tano akasema polepole, "kompyuta tupu inawaambia nyingine nazo ziwe tupu. Nembo za miaka sita. Kasuku anarudia kila kitu, Shangazi, hata ujinga."

Shangazi akatazama saa ya ukutani. Saa nne na nusu. "Una dakika kumi na tano. Baada ya hapo, Cheti anakaa kiti hicho."

Kidole cha Dakika Tano kilikuwa kinagonga meza chenyewe. Nje, gari lilipita akashtuka akidhani ni la mwalimu mkuu. Mzee Uzi, aliyekuwa amechoka kusimama bila kazi, akapitisha mkono mbele ya Dakika Tano, akafungua tena programu yake ya kudarizi ili apange nyuzi.

"Ila mwanangu," akasema, "unasema hizo folda ni tupu?"

"Tupu kabisa, mzee wangu."

"Mbona mimi tai bado namwona?"

"Unamwona wapi?"

"Huyu hapa." Akaelekeza kidole kirefu kwenye skrini yake. Kwenye orodha ya programu ya kudarizi kulikuwa na vipicha vidogo, kimoja kwa kila nembo, ili fundi ajue anabonyeza nini. Na kweli, tai alikuwepo, mdogo kama stempu, mabawa wazi.

Dakika Tano alisimama. Kiti kikaanguka, hakuna aliyekiokota.

"Mzee Uzi! We mzee! Mchoro umefutwa lakini kipicha kimebaki! Kipicha hicho ni faili!"

"Mimi sijui, mimi namwona tai tu."

Alirukia kibodi. Akaiambia kompyuta ionyeshe na mafaili yaliyofichwa, na ile folda tupu ya tai ikapata mkaazi: faili moja dogo la kijivu. Akafungua ya pili, kijivu. Ya tatu, kijivu. Kumi na moja zote! Programu ya kudarizi ndiyo inayovitengeneza vipicha hivyo kila mchoro unapofunguliwa, na inavificha ili visimsumbue mtu. Kasuku alifuta michoro yote vizuri, kisha akafika kwa folda, akakuta kuna kitu ndani, akagoma.

"Sasa kwa nini asikifute na hicho?" Shangazi akauliza. Naye alikuwa ameinama kwenye skrini, miwani ikining'inia puani.

"Ndilo swali! Mtu kamwambia asikiguse." Akafungua orodha ya vitu ambavyo Kasuku ameamriwa kuvipuuza. Ilikuwa na mstari mmoja tu, unaotaja vile vipicha. Juu yake kulikuwa na maelezo, na maelezo yalikuwa na saini.

Dakika Tano akayasoma kimyakimya. Masikio yakamwaka moto.

"Soma kwa sauti," Cheti akasema.

"Hakuna haja."

Cheti akasoma mwenyewe, kwa furaha isiyo na adabu: "*Vipicha vya Mzee Uzi vinarukaruka na rangi zinachanganyikana. Kasuku asiviguse kamwe. Nimemaliza kwa dakika mbili! Dakika Tano.*"

Mzee Uzi alicheka mpaka akashika mashine asianguke. Shangazi naye akageukia dirisha, mabega yakitikisika.

"Chekeni," Dakika Tano akasema, huku naye meno yako nje. "Kasuku ana adabu kuliko nyinyi. Nilimwambia asiguse, hakugusa miaka mitatu."

Tiba ilikuwa alama ndogo tu. Kasuku ana alama ya kuweka mbele ya mstari kama ule, yenye maana hii: kipuuze kitu hiki, lakini kikizuia folda inayofutwa, kiondoe pamoja nayo. Akaiandika. Akarudia kuisoma mara mbili, maana safari hii hakuwa na haraka ya kusaini. Akahifadhi, akamwamuru Kasuku apitie upya.

Kumi na moja. Tisa. Nne. Hakuna.

"Imekwenda!" Alipiga ukelele ambao Mzee Uzi alisema ulimkata uzi mmoja. "Shangazi, kimbia ofisini! Nakuwekea folda ya majaribio, uifute!"

Shangazi, mwanamke wa miaka hamsini na saba, alivuka ua akikimbia, viatu mkononi. Walisubiri macho kwenye skrini. Folda ya majaribio, yenye mchoro na kipicha chake ndani, ilikuwepo. Kisha haikuwepo.

"Imefutika huko?" sauti ikaja kutoka ng'ambo ya ua.

"Haipo!" wakajibu watatu kwa pamoja, hata Cheti, kisha akajikumbuka akafunga mdomo.

Masweta mia mbili yalifika saa tano kasoro dakika tano. Mzee Uzi alipofungua orodha, alikuta mwenge peke yake. Shangazi akarudi na ufunguo wa chumba kipya, akamwekea Dakika Tano kiganjani, akamkunjia vidole juu yake.

"Mkuu wa chumba," akasema.

"Asante, Shangazi."

"Dakika arobaini na moja," Cheti akasema, na akaibonyeza simu. Ndani ya video ya siku ile ya ufunguzi kelele za makofi zikasikika, na sauti ya msichana aliyeshika kipaza sauti bila mtu wa kumzuia.

Kwenye dirisha la duka la mbele yalikuwa yametundikwa yale masweta sitini ya tai, kuanzia dogo kabisa. Dakika Tano akamtazama Shangazi.

"Hata ndugu hapunguziwi bei?"

"Ndugu ndiye analipa kwanza."

Dakika Tano akatoa pesa: sweta la darasa la kwanza, nembo ya zamani, shilingi elfu nane, la kutembea nalo barabarani.